Vipimo Havionyeshi Kitu

Kuanzia mwaka 1849 hadi 1855 Charles Darwin alikuwa na daftari la afya yake, na mhusika mkuu wa daftari hilo alikuwa tumbo. Kila siku ilipewa mstari: usiku ulipitaje, gesi ilisumbua kiasi gani, alitapika au hakutapika. Siku iliyokuwa njema kweli aliitia vistari viwili. Miaka hiyohiyo alikuwa akichunguza kwa hadubini viumbe wadogo wa baharini wanaong'ang'ania miamba na sehemu za chini za meli. Viumbe wale aliwapanga wakapangika. Tumbo lilimshinda.

Aliporudi Uingereza mwaka 1836 kutoka safari ya meli ya Beagle alikuwa kijana wa miaka 27, aliyepanda milima na kupanda farasi Amerika Kusini. Miaka sita baadaye, akiwa tayari mgonjwa, alihamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent, na huko ndiko alikoishi miaka 40 iliyobaki. Chakula kilikaa tumboni saa mbili tatu kisha kikarudi. Moyo ulipapatika, ngozi ikatoka vipele, na mazungumzo ya nusu saa na mgeni yaliweza kumharibia usiku mzima. Baba yake alikuwa daktari mwenye jina kubwa mjini Shrewsbury, na hata yeye hakuweza kitu. Mzee huyo alipofariki Novemba 1848, mwanawe alikuwa hoi kiasi kwamba alifika akiwa amechelewa mazishi. Katika maisha yake Darwin alipita mikononi mwa madaktari zaidi ya 20.

Mwaka 1849 aliihamisha familia nzima kwenda Malvern kwa Dakta James Gully, aliyetibu kwa maji baridi. Mgonjwa aliamshwa alfajiri, akasuguliwa kwa taulo gumu lililolowa, akavingirishwa shuka mbichi, akatembezwa vilimani, akakatazwa sukari na siagi. Darwin alimwandikia dada yake kwamba kusuguliwa kule kulimfanya afanane na kamba-koche. Kwa muda alipata nafuu, ugonjwa ukarudi, akatafuta kisima kingine. Kitabu chake kikubwa kuhusu asili ya viumbe kilipotoka Novemba 1859, mwandishi alikuwa Ilkley, Yorkshire, kwenye maji tena.

Tiba haikumvusha. Kilichomvusha ni nyumba iliyopangwa kulifuata tumbo badala ya kushindana nalo. Katika chumba chake cha kazi palikuwa na kona iliyokingwa kwa pazia, na beseni ndani yake, ili akizidiwa asikimbie mbali. Nje ya dirisha kilifungwa kioo kilichomwonyesha nani anakuja, naye akapata dakika chache za kujiandaa au za kutoweka. Alifanya kazi saa moja na nusu asubuhi, akapumzika, akafanya tena saa moja na nusu, basi. Palikuwa na njia ya mchanga ya kutembea, mizunguko ikihesabiwa kwa kusukuma jiwe pembeni kila anapopita. Jioni mkewe Emma alimsomea riwaya, kisha wakacheza bao la dadu. Mwaka 1876 alimtangazia rafiki yake wa Marekani, Asa Gray, kwa furaha ya kitoto, kwamba mpaka hapo Emma ameshinda michezo 2,490 na yeye 2,795. Mtu anayehesabu bao kwa miaka yote hiyo ana sababu ndogo, lakini ya kweli, ya kuingoja jioni ya kesho.

Kujiua hakukuwa jambo la mbali kwake. Nahodha wake wa Beagle, Robert FitzRoy, aliyesumbuliwa na huzuni nzito kwa miaka, alijiua mwaka 1865, na Darwin alikuwa miongoni mwa waliochangia familia iliyobaki. Uchovu wake mwenyewe hakuuficha: mwaka 1881 alimwandikia Joseph Hooker kwamba makaburi ya Downe sasa anayaona kuwa mahali patamu kuliko pote duniani. Hata hayo hakuyapata. Alipofariki Aprili 1882, akiwa na miaka 73, wakubwa walimpeleka kuzikwa Westminster Abbey.

Baada ya hapo kila kizazi kilimpima upya. Mwaka 1959 Saul Adler, mtaalamu wa vimelea, alitoa hoja kwamba Darwin aliambukizwa ugonjwa wa Chagas na mdudu aliyemuuma Argentina mwaka 1835. Wengine wamesema ni maziwa ambayo mwili wake haukuyaweza, wengine ugonjwa wa kutapika kwa vipindi. Wafuasi wa Freud nao walikuwa na lao: tumbo lile lilikuwa hasira dhidi ya baba, au hofu ya mtu aliyemwondoa Mungu katika uumbaji. Hili la mwisho linastahili kutazamwa vizuri, maana halikuishia kwa Darwin.

Mgonjwa wa Temeke au Kisumu anaijua hadithi hii bila kumsoma Darwin. Huanzia duka la dawa: za minyoo, kisha za gesi, kisha za vidonda vya tumbo. Halafu damu hupimwa taifodi, na mara nyingi taifodi hupatikana, maana kipimo kile cha zamani husema ndiyo kwa wengi wasio nayo. Hufuata ultrasaundi, na baada ya kuuza mbuzi au kukopa kikundini, kipimo cha kamera. Kisha huja sentensi ambayo daktari huitamka kama habari njema: "Mama, vipimo vyako viko safi, havionyeshi kitu." Nyumbani watu husikia kwamba haumwi. Shangazi anasema ni chango, jirani anasema ni ngiri, mchungaji anasema ni roho, na wakwe wanasema ni uvivu. Kuna anayesema "punguza mawazo", na huyo huenda ndiye anayeumiza zaidi, kwa kuwa mawazo yalikuja baada ya maumivu, na sasa yamegeuzwa kuwa chanzo chake.

Ushauri huo una historia yake, na kwa muda mrefu uliheshimiwa. Tumbo lilikuwa chungu kisichofunuliwa. Mwaka 1868 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliweza kupitisha bomba la chuma hadi tumboni kwa msaada wa mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga kwenye maonyesho. Ni mwaka 1957 tu ambapo Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, alikijaribu kwenye koo lake mwenyewe kifaa cha nyuzi za kioo kinachopinda. Katikati ya miaka hiyo pengo lilijazwa na nadharia. Franz Alexander, mchambuzi wa nafsi wa Chicago, alifundisha kwamba vidonda vya tumbo huwapata watu wenye kiu ya kutunzwa wasiyoweza kuikiri. Wagonjwa walilishwa maziwa na krimu, wakakatazwa pilipili, wakashauriwa wabadili kazi. Walioshindikana walikatwa sehemu ya tumbo.

Kule Messolonghi, Ugiriki, daktari wa kawaida aitwaye John Lykoudis aliwatibu wenye vidonda kwa antibiotiki tangu mwaka 1958. Wenzake walimtoza faini. Alifariki 1980, miaka miwili kabla ya Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, Australia, kuotesha maabara bakteria waliojipinda ambao Warren alikuwa ameanza kuwaona kwenye hadubini mwaka 1979. Bakteria hao walikuwa wamekataa kuota mara nyingi; walikubali pale sahani zilipoachwa siku za ziada kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa. Baada ya siku chache alitapika, pumzi ikanuka, na kamera ikaonyesha tumbo lililovimba. Tuzo ya Nobel ilikuja 2005. Hivyo mamilioni ya watu walioambiwa wapunguze mawazo walikuwa na mdudu.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu, na ni makosa. Ugunduzi wa Perth uliwaokoa wenye mdudu. Wengine waliendelea kuumwa: kamera ikaingia, ikatoka, haikuona kidonda wala bakteria wa kutosha kueleza. Katika mwaka uleule wa 1984, katika jarida lilelile la The Lancet lililochapisha makala ya Marshall na Warren, timu ya Peter Whorwell wa Manchester ilieleza wagonjwa 30 wa IBS kali, utumbo unaouma, kujaa na kuvuruga choo bila kuonekana jeraha. Waliotibiwa kwa hipnosia, yaani kutulizwa kwa maneno hadi wakawa kati ya usingizi na kuwa macho huku fikra zikielekezwa kwenye utumbo, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Hakuna aliyesema maumivu yao yalikuwa ya kubuni. Utumbo una mtandao wake mpana wa neva unaozungumza na ubongo, na mazungumzo hayo yanaweza kuharibika bila chochote kuvimba. Leo madaktari wa tumbo wana orodha nzima ya magonjwa ya namna hiyo. Ugonjwa unaweza kuwa wa kweli na picha ikawa safi.

Ni timu hiyo ya Manchester iliyouliza swali ambalo kliniki nyingi hulikwepa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa wa IBS waliulizwa kama wamewahi kufikiria kujiua kwa sababu ya tumbo. Miongoni mwa waliotibiwa na madaktari wa kawaida, asilimia 4 walisema ndiyo. Miongoni mwa waliofika kwa mabingwa wa hospitali, 16. Miongoni mwa waliokuwa wamezunguka kote na kufika kituo cha rufaa cha mwisho, asilimia 38. Sonona peke yake haikutosha kueleza hesabu hiyo. Wagonjwa walizungumzia maisha yaliyovurugika na tiba isiyotosha, na juu ya yote kukata tamaa kwamba litakuja kupatikana jibu. Kwa maneno mengine, safari ndefu ya kutafuta jibu ni hatari ya pekee yake, na mtu anayefika mwisho wa foleni anapaswa kuulizwa anavyolala na anachokiwaza usiku, kando ya anavyopata choo.

Historia ya muziki ina mfano ambao husimuliwa vibaya. Kurt Cobain wa kundi la Nirvana alieleza katika mahojiano kwamba tumbo lilimtesa kwa miaka, madaktari hawakupata chanzo, na maumivu yalimfikisha kutaka kufa. Heroini aliihalalisha kuwa dawa ya tumbo. Mashabiki wamelifanya tumbo kuwa maelezo ya kifo chake cha Aprili 1994, akiwa na miaka 27. Lakini miezi michache kabla alikuwa amemwambia mwandishi wa habari kwamba tumbo limetulia na anakula vizuri. Kujiua mara chache huwa na sababu moja. Palikuwa na uraibu, palikuwa na sonona, na nafuu ya tumbo haikumaliza vingine.

Kwa wanawake foleni huwa ndefu zaidi, kwa kuwa maumivu yao hupewa jibu la haraka: ni ya hedhi, vumilia. Endometriosisi, hali ambapo tishu zinazofanana na za ukuta wa mfuko wa uzazi huota nje yake, huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ultrasaundi ya kawaida inaweza isiione. Nchini Kenya jambo hili lilikuwa la chumbani hadi mtangazaji Njambi Koikai alipolibeba hadharani. Aliumwa tangu usichana, akatibiwa kwa yasiyokuwa yake, hadi ugonjwa ukafika mapafuni. Mwaka 2018 alikwenda kufanyiwa upasuaji Atlanta, Marekani. Alifariki Juni 2024. Wasichana waliomsikiliza walipata kitu ambacho yeye alikikosa kwa miaka mingi, jina la kumpelekea daktari.

Na ni msichana mmoja, ambaye jina lake halikuhifadhiwa katika simulizi, aliyeanzisha upande wa pili wa historia hii.

Mwaka 1935, huko Lincoln, Uingereza, kasisi kijana Chad Varah aliongoza mazishi yake ya kwanza. Marehemu alikuwa na miaka 14. Alikuwa ameona damu, hakuwa na mtu wa kumuuliza, akaamini amepata ugonjwa wa zinaa, akajiua. Ilikuwa hedhi. Varah aliondoka makaburini akiwa ameazimia kuwafundisha vijana habari za miili yao, jambo lililompa maadui wengi kanisani, na swali la msichana asiye na wa kumuuliza halikumwacha. Tarehe 2 Novemba 1953, akiwa paroko wa St Stephen Walbrook katikati ya London, alifungua huduma ya simu kwa wanaofikiria kujiua. Alitaka nambari rahisi kukumbuka, MAN 9000. Alisimulia baadaye kwamba alipopiga kuiomba, aligundua ndiyo nambari ambayo kanisa lilikuwa nayo tayari. Gazeti la Daily Mirror liliwapachika jina la Wasamaria wema wa simu, na hilo likabaki: Samaritans.

Lililofuata halikupangwa na mtu. Waliokuja ana kwa ana walikuwa wengi kuliko Varah, hivyo watu wa kujitolea waliwapokea kwenye chumba cha kungojea, wakawapa chai na kuzungumza nao. Varah akaona kwamba wengi, ikifika zamu yao, hawamhitaji tena. Walikuwa wamesikilizwa na mtu asiye na shahada, asiyewahubiria, asiyewapa dawa. Februari 1954 aliwakabidhi kazi wale wamimina chai. Ni uamuzi wa unyenyekevu usio wa kawaida kwa mtu msomi, na ndio uliolijenga shirika. Mwaka 1974 kazi hiyo ilipata shirika lake la kimataifa, Befrienders. Nairobi ipo Befrienders Kenya.

Waliopiga simu ile mwaka 1953 baada ya kujaribu kujiua walikuwa wakikiri kosa la jinai. Kujaribu kujiua kuliendelea kuwa uhalifu Uingereza hadi 1961. Makoloni yalirithi kifungu hicho na kukihifadhi kuliko wenyewe. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtisha mtu aliyenusurika kwa kifungo cha hadi miaka miwili, mpaka Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania na Uganda sheria ya aina hiyo bado imo vitabuni. Athari yake kliniki ni rahisi kuiona: mgonjwa wa tumbo aliye na mawazo ya kufa hueleza kuhara, kiungulia na kukosa hamu ya kula, kisha hunyamaza.

Varah alitumia chai. Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco, alitumia barua. Akiwa askari katika Vita Kuu ya Pili alikuwa akipokea barua za mwanamke mmoja, na hakusahau zilivyomshikilia. Kuanzia mwaka 1969 alifuatilia watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kufa, kisha wakakataa matibabu zaidi. Nusu hivi waliandikiwa kwa miaka mitano: mistari michache tu, tunatumaini hujambo, ukipenda kutujibu tutafurahi. Hapakuwa na ushauri wala kudai chochote. Katika miaka miwili ya kwanza, waliojiua kati ya walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wasioandikiwa. Maumivu yao, ya mwili au ya moyo, hayakutibiwa na barua. Walijua tu kwamba kuna mtu mahali fulani anayehesabu kama wapo.

Kizazi cha karibuni kimeyaweka haya kwenye karatasi moja. Barbara Stanley na Gregory Brown, wanasaikolojia wa Marekani, walitengeneza mpango wa usalama ambao mtu huuandika akiwa ametulia, kwa maneno yake: dalili kwamba wazo linakuja, ninachoweza kufanya peke yangu, mahali pa kwenda penye watu, nani wa kumwambia ukweli, mtaalamu gani wa kumpigia, na namna ya kuviweka mbali na mimi vitu vya kujidhuru. Mwaka 2018 ilichapishwa tathmini ya wagonjwa 1,640 wa vyumba vya dharura Marekani. Waliopewa mpango huu pamoja na simu za kufuatiliwa walikuwa na vitendo vya kujiua pungufu kwa karibu nusu katika miezi sita.

Mwenye tumbo lisilopata jibu ana nyongeza zake za kuandika humo. Saa mbaya huwa zinajulikana, mara nyingi ni usiku wa manane baada ya mlo uliokataa, na kwa saa hizo dawa nyingi za maumivu hazipaswi kukaa kando ya kitanda. Zishikwe na ndugu, azitoe dozi kwa dozi. Daftari la siku, mlo, hedhi na maumivu humsaidia daktari wa pili kuanzia alipoishia wa kwanza. Baadhi ya dalili hazingojei kliniki ya wiki ijayo: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, homa, tumbo lililokakamaa ghafla. Mawazo ya kujiua yamo kwenye orodha hiyohiyo ya dharura na hutajwa kwa daktari kwa jina lake, kama homa inavyotajwa. Anayesindikiza anaweza kuuliza waziwazi, "Dada, umefika mahali pa kutaka kufa?" Swali hilo halimpandikizi mtu wazo, mara nyingi humtua mzigo. Kwenye mstari wa mpango unaohitaji nambari ya simu, aliye Kenya anaweza kuandika 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Penginepo panaandikwa jina la mtu anayepokea simu saa nane za usiku, na la hospitali ya karibu ambayo mlango wake wa dharura haufungwi.